Nywele Si Uchafu: Wembe, Aibu na Mlango wa Zahanati

Ulikuwa msimu wa kuvuna alizeti. Nilikuwa bado mwanafunzi wa udaktari, nami nilikuwa nimepelekwa mkoani Singida kwa mafunzo ya vitendo vijijini. Siku ile tulikuwa tumeandaa uchunguzi wa saratani ya shingo ya kizazi katika zahanati moja ndogo, na wanawake waliokuja walikuwa wamekatiza kazi za shamba ili wasiikose nafasi hiyo. Mmoja wao, mama wa makamo, alikaa kwenye benchi tangu asubuhi. Zamu yake ilipofika, muuguzi alimweleza kwa upole kipimo kinavyofanyika. Mama yule alisikiliza mpaka mwisho, akainamisha kichwa, kisha akasema kwa sauti ya chini: “Mwanangu, leo sijajiandaa. Nitarudi siku nyingine.” Akajifunga kitenge chake vizuri, akaaga, akaondoka.

Nilidhani labda alikuwa na hofu ya majibu, au hakuwa amepata ruhusa ya mumewe. Muuguzi, aliyezaliwa na kukulia huko, ndiye aliyenifumbulia fumbo. “Kujiandaa,” aliniambia, “maana yake ni kunyoa.” Mama yule hakuwa amenyoa nywele za sehemu za siri, na aliona ni heri arudi nyumbani bila kipimo kuliko kuonwa na wahudumu katika hali ambayo yeye aliiita uchafu. Hakurudi wiki ile, wala mwezi ule wote niliokaa pale.

Tangu siku hiyo nimelisikia neno hilo mara nyingi, kwa maneno tofauti. Mjamzito huchelewa kutoka nyumbani uchungu ukiwa umeshaanza, kwa sababu anatafuta wembe. Mzee mwenye busha huahirisha upasuaji. Binti mwenye muwasho ukeni hukaa nao mwezi mzima. Wote wana maradhi yanayotibika, na wote wanazuiwa na kitu ambacho si ugonjwa. Kwa sababu hiyo naandika makala haya juu ya jambo ambalo kwa kawaida hatuliandiki. Hoja yangu ni moja: kunyoa au kutonyoa nywele za mwili ni hiari ya mwenye mwili, na sisi tunaotoa huduma za afya tuna wajibu wa kuhakikisha kwamba hiari hiyo haigeuki kuwa kiingilio cha hospitali.

Desturi zenye sababu zake

Nisieleweke vibaya. Sidharau desturi za kunyoa, kwa kuwa nyingi zina historia ndefu na maana nzito kwa wanaozifuata. Kwa Waislamu, ambao ni wengi mkoani Singida, kuondoa nywele za kinena na za makwapa ni miongoni mwa mambo ya maumbile safi yaliyofundishwa na Mtume, na mafundisho hayo yameweka kikomo cha siku 40 ambazo hazipaswi kupita bila mtu kujisafisha. Katika pwani ya Waswahili, somo au kungwi amekuwa akimfundisha mwari namna ya kuutunza mwili wake kabla ya ndoa, na kunyoa ni sehemu ya mafundisho hayo. Wako wanaotumia wembe. Wako wanaonyonyoa kwa majivu, ambayo huzuia vidole visiteleze. Wako wanaotumia sukari iliyochemshwa na ndimu mpaka ikawa kama gundi. Mijini, vijana hununua dawa za kupaka na nta.

Hata pale ambapo dini au jando na unyago havitajwi, desturi hiyo ina mantiki yake. Singida ni mkoa mkavu. Katika vijiji vingi ndoo ya maji hutafutwa kwa mwendo mrefu, na anayerudi shambani amelowa jasho hana anasa ya kuoga mara tatu kwa siku. Mahali kama hapo kupunguza nywele za makwapani hupunguza pia harufu ya jasho, na kunyoa kinena huwaondolea makazi chawa wa sehemu za siri. Mabibi zetu hawakuwa wajinga. Walitafuta njia ya kuishi kwa staha kwa maji waliyokuwa nayo.

Tatizo huanza pale ambapo desturi yenye sababu hugeuka kuwa kipimo cha utu wa mtu. Hapo tunapaswa kujiuliza kipimo hicho kimetoka wapi, kwa maana hata sisi wenyewe hatukubaliani juu yake. Lugha yetu huziita nywele laini za mikononi na miguuni malaika, na wako wanaume wanaomsifia mwanamke mwenye malaika miguuni. Nywele hizo hizo, mwanamke mwingine hukesha akizinyoa kwa kuwa ameambiwa zinamfanya afanane na mwanamume. Nywele za kifuani kwa mwanamume vijana wameziita gadeni lavu na kuziona pambo, lakini zikiota mbili tatu kidevuni mwa dada, huchekwa. Nywele ni zile zile. Kinachobadilika ni jicho linalozitazama.

Jicho hilo pia hufundishwa, na mara nyingine hufundishwa na mfanyabiashara. Mwaka 1915, kampuni ya Gillette ya Marekani ilitoa wembe uliotengenezwa kwa ajili ya wanawake, ukaitwa Milady Décolleté. Magauni yasiyo na mikono yalikuwa yameanza kuwa mtindo, na matangazo ya enzi ile yakawaambia wanawake kwamba kwapa lenye nywele ni jambo la kuonea haya. Kabla ya hapo wanawake wengi wa huko hawakuwa na desturi ya kunyoa makwapa. Katika kipindi cha maisha ya mtu mmoja, jambo ambalo halikuwa aibu likawa aibu, na wembe ukauzwa. Leo matangazo ya namna hiyo humfikia binti wa Kiomboi au Manyoni kwenye simu yake ya mkononi, akiwa peke yake, bila somo wala shangazi wa kumwambia lipi la kuchukua na lipi la kuacha.

Sayansi inasema nini

Nywele za kinena na za makwapa huota wakati wa kubalehe, kwa wavulana na kwa wasichana, kutokana na homoni zinazoanza kufanya kazi katika umri huo. Zimeota mahali ambapo ngozi husuguana na ngozi nyingine au na nguo, nazo hupunguza msuguano huo. Jasho la maeneo hayo hutoka katika tezi za aina ya pekee, na harufu yake husababishwa na bakteria wanaoishi juu ya ngozi. Mwenye nywele anayeoga kwa maji na sabuni ni msafi. Asiyekuwa na nywele na haogi si msafi. Hilo ndilo jambo ambalo kitabu chochote cha tiba kitakuambia, na halihitaji maelezo zaidi.

Wembe, kwa upande wake, haupiti juu ya ngozi bila kuacha alama. Kila unapopita hukata nywele, na pamoja nayo hukwangua tabaka la juu la ngozi na kuacha michubuko midogo isiyoonekana kwa macho. Bakteria huingia katika michubuko hiyo na kusababisha vipele na majipu. Kwa sisi wenye nywele za kipilipili kuna tatizo la ziada: nywele iliyokatwa huwa na ncha kali, na kwa kuwa imejikunja, inapoota upya huweza kurudi ndani ya ngozi na kuichoma. Matokeo yake ni vipele vyeusi vinavyouma, na kwa wenye ngozi inayoelekea huko, makovu manene yanayoendelea kukua hata kidonda kikiwa kimepona.

Wengi hushangaa nikiwaambia kwamba hospitali zenyewe zilikosea kuhusu jambo hili kwa muda mrefu. Kwa vizazi kadhaa madaktari waliamini kwamba mgonjwa lazima anyolewe kwa wembe kabla ya upasuaji, na mjamzito kabla ya kujifungua, ili kuzuia maambukizi. Ilipopimwa, imani hiyo haikusimama. Mwaka 1973, watafiti Cruse na Foord wa Canada walichapisha matokeo ya ufuatiliaji wa majeraha ya upasuaji zaidi ya 23,000. Miongoni mwa wagonjwa walionyolewa kwa wembe, 2.3% walipata maambukizi kwenye jeraha. Miongoni mwa wale ambao hawakunyolewa wala kupunguzwa nywele, walikuwa 0.9%. Wembe uliokusudiwa kuwalinda ndio uliohusishwa na maambukizi mengi zaidi.

Kwa upande wa uzazi, jaribio la kwanza la kulinganisha wanawake walionyolewa na wasionyolewa lilichapishwa Marekani mwaka 1922. Mengine mawili yalifuata, la mwisho likiwa la mwaka 2005. Majaribio hayo matatu kwa pamoja yalihusisha wanawake 1,039, na hayakuonesha kwamba kunyoa kunampunguzia mama homa au maambukizi baada ya kujifungua. Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya mwaka 2015 kuhusu kuzuia maambukizi ya uzazi, lilipendekeza kwamba wajawazito wanaojifungua kwa njia ya kawaida wasinyolewe kama utaratibu wa kawaida. Mwaka uliofuata, katika miongozo kuhusu majeraha ya upasuaji, lilisema kwamba nywele za mgonjwa zisiondolewe kabisa, na kama ni lazima ziondolewe, zipunguzwe kwa mashine ya kukatia nywele. Wembe usitumike.

Basi mwanamke anayeogopa kuja kujifungua kwa sababu hajanyoa anaogopa kuvunja kanuni ambayo tiba yenyewe imekwisha kuifuta. Hapa kuna jambo dogo linalofaa kufafanuliwa. Katika vituo vingi mjamzito huambiwa aje na vifaa vyake: glavu, pamba, uzi, na wembe mpya. Wembe huo ni wa kukata kitovu cha mtoto. Nimekutana na wanawake waliodhani kwamba wameagizwa kunyoa, na hakuna aliyewaambia vinginevyo.

Kipimo cha saratani ya shingo ya kizazi nacho hakihitaji kunyoa. Mhudumu hutumia kifaa cha kufungua uke, hupaka shingo ya kizazi siki iliyozimuliwa, na kutazama kama kuna sehemu inayobadilika kuwa nyeupe. Kinachotazamwa kiko ndani, mahali ambapo nywele hazioti. Nchi yetu ilianza kutoa chanjo dhidi ya virusi vya HPV kwa mabinti wa miaka 14 mwezi Aprili 2018, na hiyo ni hatua kubwa. Lakini mama zao na shangazi zao hawakupata chanjo hiyo, na kinga yao ni uchunguzi. Shirika la Afya Duniani limeweka lengo kwamba ifikapo mwaka 2030, wanawake saba kati ya kila kumi wawe wamechunguzwa kwa kipimo cha uhakika wakiwa na miaka 35, na tena wakiwa na miaka 45. Hatutalifikia lengo hilo ikiwa mwanamke anayetoka nyumbani kwa hiari yake anarudia benchini.

Neno uchafu na historia yake Singida

Kwa nini basi nisisitize Singida, wakati aibu hii ipo kila mahali? Kwa sababu katika mkoa huu tumekwisha kuona neno uchafu linavyoweza kufanya kazi mbaya juu ya mwili wa mwanamke.

Wakazi wa Singida na Dodoma wanalijua jina lawalawa. Jina hilo hutumika kwa muwasho, vipele, na majimaji yasiyo ya kawaida katika sehemu za siri za mtoto wa kike. Imani iliyoenea ni kwamba hali hiyo ni mkosi au adhabu ya mizimu, na kwamba tiba yake ni kumkeketa mtoto. Tunaochunguza watoto hao hukuta mambo tunayoyajua: maambukizi ya njia ya mkojo, fangasi, au ngozi iliyoungua kwa mkojo na ukosefu wa maji ya kuoshea. Hayo hutibiwa kwa dawa na usafi wa kawaida. Hakuna hata moja linalotibiwa kwa kukata.

Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 ilifanya ukeketaji wa msichana aliye chini ya miaka 18 kuwa kosa la jinai lenye adhabu ya kifungo. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2015 na 2016 ulikuta kwamba wakati mwanamke mmoja kati ya kumi nchini alikuwa amekeketwa, mkoani Singida walikuwa karibu watatu kati ya kumi. Sheria iliposimama mlangoni, imani ya lawalawa ilipita dirishani: ngariba aliacha sherehe na kuhamia kwa watoto wachanga, kimyakimya, kwa jina la matibabu.

Sitaki kulinganisha kunyoa na ukeketaji. Kunyoa hakuondoi kiungo, nywele huota tena, na mtu mzima hujinyoa kwa hiari yake. Mwenye kuyachanganya hayo mawili anapunguza uzito wa ukatili wanaofanyiwa watoto. Ninachosema ni kwamba wazo linalokaa chini yake linafanana: kwamba mwili wa mwanamke, kama ulivyoumbwa, ni mchafu mpaka wembe upite. Binti anayelelewa akiamini hivyo tangu utotoni atakuwa na wepesi wa kukubali chochote atakachoambiwa kuwa ni usafi. Ataamini kwamba muwasho ni mkosi. Ataosha uke kwa dawa kali za dukani, ambazo huua bakteria wanaoulinda na kumwachia maambukizi zaidi. Na akiwa mama wa makamo, atainuka kwenye benchi la zahanati na kuondoka.

Ndiyo maana nasema elimu dhidi ya lawalawa ingepata nguvu zaidi kama ingeanza na sentensi nyepesi kuliko zote: mwili wako si mchafu. Huoshwa kama uso na mikono inavyooshwa, na ukiumwa hutibiwa.

Nywele pia husema

Kuna sababu nyingine ya kitabibu ya kutoziona nywele kuwa adui. Daktari anayejua kuangalia huziona kama habari. Mwanamke ambaye ghafla anaota ndevu na nywele nyingi kifuani, na hedhi yake imevurugika, anaweza kuwa na hitilafu ya homoni inayohitaji kuchunguzwa. Akiona haya na kunyoa kila asubuhi bila kumwambia mtu, ugonjwa unaendelea.

Mfano mwingine unatuhusu zaidi sisi wa vijijini, ambako kutoka damu nyingi wakati wa kujifungua bado ni hatari iliyo karibu. Mama akipoteza damu nyingi sana, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo huweza kukosa damu na kuharibika. Mama huyo hupona, hurudi nyumbani, lakini maziwa hayatoki, hedhi hairudi, na uchovu haumwachi. Nywele za kinena na za makwapa hupungua, na akinyoa haziotii tena. Ndugu zake humwambia amerogwa, ilhali ugonjwa wake una jina na una dawa, na dalili hiyo ya nywele ni mojawapo ya zinazoweza kumwongoza daktari. Lakini ni nani atakayemuuliza mgonjwa juu ya nywele hizo, na mgonjwa gani atakayejibu, ikiwa pande zote mbili zimekubaliana kwamba jambo hilo halisemeki?

Anayechagua kunyoa

Kwa anayenyoa, kwa dini yake, kwa mapenzi ya ndoa yake, au kwa sababu tu anapenda, nina ushauri wa daktari, si wa hakimu. Tumia wembe wako peke yako na usiuazime, hata kwa ndugu wala mwenza. Tulijifunza hilo kwa gharama kubwa tangu wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walipotambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na virusi vya homa ya ini aina ya B ni sugu zaidi, kwa kuwa huweza kuishi nje ya mwili kwa siku saba au zaidi. Lainisha nywele kwanza kwa maji ya uvuguvugu na sabuni. Punguza kwa mkasi zikiwa ndefu. Nyoa kwa kufuata mwelekeo wa nywele, taratibu, bila kuvuta ngozi. Usinyoe penye kidonda, kipele au jipu. Dawa ya kuondolea nywele ijaribiwe kwanza mahali padogo, nayo isiguse ndani ya uke. Usipake dawa kali ya kuulia vijidudu isiyozimuliwa, wala dawa ya meno. Mpe ngozi yako siku moja au mbili za kupumzika kabla ya tendo la ndoa, kwa sababu michubuko ni njia ya maambukizi. Mwenye kisukari awe mwangalifu zaidi, maana vidonda vyake huchelewa kupona.

Zaidi ya yote, usinyoe kwa wembe usiku wa kuamkia upasuaji. Wanaume wanaokuja kufanyiwa upasuaji wa busha au ngiri hufanya hivyo mara nyingi, kwa heshima waliyonayo kwa daktari. Heshima hiyo naipokea, lakini ningependa kuiona kwa namna nyingine: njoo umeoga, basi.

Kwa wenza nasema jambo moja. Ni haki ya mume na mke kuambiana wanachopenda. Lakini anayetaka mwenzake anyoe akumbuke kwamba vipele na majeraha havitakuwa kwenye ngozi yake yeye. Mapenzi huomba, hayaamuru.

Wajibu wetu sisi

Nimewahi kuulizwa na wauguzi wenzangu: je, nywele zikiwa nyingi, si zinatupa shida ya kushona msamba? Wakati mwingine zinatupa. Suluhisho lake ni mkasi na dakika moja, baada ya kumweleza mama na kupata ridhaa yake. Mguno, jicho la pembeni, au maneno ya kejeli mbele ya wagonjwa wengine si sehemu ya tiba. Nakiri kwamba nimeyasikia maneno hayo yakisemwa na watu wa taaluma yangu, na nilipokuwa kijana nilinyamaza. Mwanamke aliyesemwa hivyo mara moja huwasimulia wengine kumi kisimani, na wote kumi hujifunza kwamba hospitalini huenda aliyejiandaa.

Ninayopendekeza hayana gharama. Siku ya kliniki, katika elimu ya afya ya asubuhi, muuguzi aseme wazi mbele ya wote kwamba hakuna anayetakiwa kunyoa ili apimwe au ajifungue. Anapogawa orodha ya vifaa vya kujifungulia, aeleze wembe ni wa nini. Wahudumu wa afya ya jamii waseme hivyo hivyo wanapopita nyumba kwa nyumba. Walimu wa vyuo vya uuguzi na udaktari, nami nikiwamo, tuwafundishe wanafunzi wetu miongozo mipya, na pamoja nayo tuwafundishe kutawala nyuso zao. Na penye mlango wa chumba cha uchunguzi pabandikwe karatasi yenye maneno yasiyozidi matano: Huhitaji kunyoa ili upimwe.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Walijua kwamba uzazi na uponyaji vina saa ambayo mtu hulazimika kufunuliwa mbele ya mwingine, na kwamba saa hiyo haina nafasi ya haya. Lakini msemo huo una upande wa pili, ambao hatuusemi mara nyingi: anayefunuliwa ana haki ya kukuta mbele yake mtu asiyemcheka.

Mama yule wa msimu wa alizeti aliniita mwanangu. Sikuwa na neno la kumwambia, kwa kuwa sikuwa najua anaondoka kwa sababu gani. Leo najua, na kila anayesoma makala haya anajua pia. Kama kuna mama, dada, shangazi au bibi nyumbani kwako anayeahirisha kipimo kwa sababu hajajiandaa, mwambie amekwisha jiandaa. Aende kama alivyo.